Udongo Chini ya Unga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Anena alifagia baraza, akateremka na ndoo hadi kwenye bomba la chini ya kilima, kisha akarudi ndani na kuchungulia chini ya kitanda cha mama yake. Hakuwa akitafuta viatu. Alikuwa akiliangalia debe.

Debe hilo lilijaa unga wa wimbi, yaani ulezi wa kahawia. Bibi yake aliusaga mwenyewe juu ya jiwe huko kaskazini, Kitgum, akautuma kwa basi baada ya mavuno. Ulipofika mjini, Makindye, mama yake Anena, aliyeitwa Akullo, aliuonja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho kidogo, akafunika debe na kulisukuma chini ya kitanda.

"Huu ni wa baba yako," alisema. "Wimbi jipya halifunguliwi mwenye nyumba akiwa safarini. Siku atakayorudi tutausonga, tule wote. Kabla ya hapo, hata kijiko kisiingie humo. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Mwenye nyumba alikuwa Ongom, dereva wa mabwana wanaochunguza miamba. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka kwa gari la serikali hadi Ziwa Albert, mahali ambapo nchi inakatika ghafla na kushuka kama ukuta. Alizoea kwenda na kurudi. Safari ya mwisho hakurudi. Badala yake walikuja wanaume wenye miwani myeusi, wakasimama barazani na kuuliza yuko wapi. Miaka ile ya utawala wa askari, wapelelezi wa miwani myeusi hawakuuliza habari zako kwa kukupenda. Akullo aliwajibu kwamba hajui, na siku hiyo alikuwa anasema kweli.

Tangu hapo, Anena akiuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Yuko safarini. Kazi imekuwa ndefu. Na nje ukiulizwa, hujui kitu."

Lakini nyumba za kupanga za Makindye zina kuta nyembamba. Katika chumba cha pili waliishi Wakongo: Mama Marie-Louise, mshonaji, na binti yake Nabintu, aliyesoma darasa moja na Anena. Mjomba wa Nabintu, Mugisho, alikuja mara kwa mara kutoka kwao, ng'ambo ya ziwa. Alileta vitenge, akaondoka na maharage. Siku moja Anena alimsikia akimnong'oneza mama yake barazani: "Amevuka ziwa, Mama Anena. Zaidi ya hapo sijui bado."

Anena hakusema kwamba amesikia. Akullo naye hakusema kwamba ameambiwa. Wakaendelea kulala chumba kimoja, kila mmoja na lake.

Siku iliyoleta matata, Mwalimu Erinayo alichora ubaoni mistari miwili mirefu, na kati yake ziwa.

"Hili ni bonde la upande wetu wa magharibi," alisema. "Halikuchimbwa na mto. Nchi inavutwa. Ng'ambo inavutwa kwenda huko, sisi tunabaki huku. Pa katikati panakosa cha kuegemea, panashuka."

Nabintu aliinua mkono. "Mwalimu, sasa tuhame?"

Darasa likacheka.

"Kaa chini, Nabintu. Wewe ulitoka ng'ambo, ukalivuka bonde lote, na hata kandambili haikukukatika." Mwalimu naye alicheka, kisha akaendelea. "Msidhani lilipasuka siku moja. Lilianza na nyufa fupi fupi, kila moja peke yake, kama nyufa za kisigino. Nchi ikazidi kuvutwa. Nyufa zilizokaribiana zikaungana, zikawa ufa mmoja mrefu. Huo ukabeba kazi yote, na zile ndogo za pembeni zikalala. Mmezoea ile methali ya ufa na ukuta. Ufa huu hakuna fundi wa kuuziba."

Akachora tena, safari hii matabaka kama magodoro yaliyopangwa.

"Ukishuka Butiaba, kando ya ziwa, utakuta tambarare iliyonyooka kama meza. Usidanganyike. Kila pakishuka kidogo, mito inaleta mchanga na matope, inapajaza. Juu panaonekana sawa. Chini ni shimo lililojazwa. Na tabaka la chini kabisa ndilo limekatika zaidi, maana limeonja kila mtikisiko tangu mwanzo."

Anena aliinua mkono, moyo ukimdunda. "Mwalimu, ng'ambo inakwenda mbali kiasi gani?"

"Inakwenda, Anena. Haijaacha mpaka leo."

Kengele ikalia. Watoto wakakimbilia nje, na jibu likabaki hivyo hivyo, nusu.

Anena hakukimbia. Baba yake alikuwa ng'ambo, na ng'ambo inakwenda. Jioni akila, inakwenda. Usiku akilala, inakwenda. Alitembea njia nzima ya kurudi nyumbani bila kumjibu Nabintu neno.

"Leo umemeza kufuli?" Nabintu aliuliza.

"Nyumbani kuna sanduku la Baba," Anena alisema mwishowe. "Nataka tulivute."

Sanduku hilo Ongom alilitengeneza kwa mbao za kreti ya sabuni, akiiga lile la mabwana zake la kuonyesha jinsi nchi inavyopasuka. Upande mmoja aliweka kioo cha dirisha kilichovunjika, ili mtu aone ndani. Mwisho wa sanduku palikuwa na ubao usiopigiliwa. Ubao huo ulishikana na kipande cha bati kilicholala chini. Ukiuvuta, bati linateleza nao, na chochote kilichopangwa juu yake kinavutika. Ongom aliwahi kumwonyesha Anena mara moja, akiwa amechuchumaa nyuma yake na mikono yake mikubwa juu ya mikono ya binti yake. "Taratibu," alisema. "Nchi haina haraka. Na usitumie mchanga, mchanga unamwagika tu. Unga unashikana. Unga unapasuka kama nchi."

Unga wa muhogo ulikuwepo jikoni, lakini ulikuwa mweupe wote. Bila rangi ya pili, matabaka hayaonekani.

"Wimbi ni la kahawia," alisema Nabintu, akatazama uvungu wa kitanda. Akajuta hapo hapo. "Lakini mama yako atakuchuna ngozi."

"Bakuli moja tu," alisema Anena.

Akullo akiwa bado sokoni, walipanga nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku la Mama Marie-Louise. Tabaka jeupe, tabaka la kahawia, jeupe, kahawia. Anena akavuta ubao kidogo. Juu ya unga zikatokea nyufa nyembamba kama nywele, moja hapa, nyingine pale, hazigusani. Akavuta tena. Baadhi zikarefuka zikitafutana, mbili zikakaribiana mpaka ncha zikapishana, kisha kipande kilichokuwa kati yake kikakatika, zikawa moja. Nyingine hazikusogea tena. Akavuta zaidi, na upande mmoja wa ule ufa mrefu ukashuka taratibu. Kwenye kioo waliona mstari wa kahawia umekatika, nusu juu, nusu chini, kama ngazi.

"Ayi, mama!" Nabintu alinong'ona. "Ni Butiaba."

Anena alijaza shimo kwa unga mweupe mpaka pakalingana, akavuta tena. Tabaka jipya nalo likakatika, lakini kidogo tu. Na lilikuwa nene pale karibu na ufa, jembamba mbali nao. Kila alichosema mwalimu kilikuwa pale ndani ya kreti ya sabuni. Kitu kimoja tu hakikuwepo: umbali. Ubao ulifika mwisho, na Anena hakujua zaidi ya alivyojua asubuhi kuhusu mahali baba yake anapopelekwa.

Basi akarudia kesho yake. Na siku nyingine tena. Pengine sikuvuta vizuri, alijiambia. Ukweli ni kwamba alipovuta ule ubao, alihisi mikono mikubwa juu ya mikono yake. Hilo hakumwambia hata Nabintu.

Unga uliokwisha kuchanganyika haukurudi debeni. Ulikuwa na vumbi na vipande vya mbao, wakawapa kuku. Katika mwaka ambao watu wazima walipanga foleni kuanzia alfajiri kwa ajili ya kilo ya chumvi, kuku wa Mama Marie-Louise walinenepa kwa wimbi la Kitgum.

Sasa sikilizeni jinsi kosa linavyokua. Kila Jumapili baada ya misa, Akullo alikuwa na desturi yake. Alilivuta debe, akalifunua, akainama na kuunusa unga. Kisha aliweka kiganja juu yake, akakiacha hapo kidogo, kama mtu anayempima mtoto homa. Anena alilijua hilo. Alijua pia kwamba unga ukishuka chini ya ukingo, kiganja kitajua.

Nyuma ya shule palikuwa na kichuguu. Udongo wake ni laini na wa kahawia. Ukiuchekecha kwa kitambaa unafanana na unga wa wimbi. Anena aliumimina unga wote kwenye kanga, akaweka udongo ndani ya debe, chini kabisa, akarudisha unga juu. Pakalingana. Jumapili ile Akullo aliinama, akanusa, akaweka kiganja, akatabasamu. Tabasamu hilo lilimchoma Anena kuliko kofi. Lakini juma lililofuata alichota tena, akajaza tena.

"Umekuwa mto, wewe," Nabintu alimwambia. "Unajaza tu. Debe lenu sasa lina bonde lake."

"Nyamaza."

"Mimi nanyamaza. Lakini debe litanyamaza?"

Mvua za kwanza zilipoanza, Mugisho alikuja. Kabla hata ya kuvua koti alibisha hodi kwa Akullo. Akullo alifunga mlango nyuma yake, na safari hii hakumtoa Anena nje.

"Nimemwona kwa macho yangu," alisema Mugisho. "Yuko Mahagi, ng'ambo ya ziwa. Amekonda, lakini mzima. Anafanya kazi kwa fundi wa magari. Ameniomba kitu kimoja: kitu cha nyumbani, ajue kwamba nyumba bado ipo."

Akullo alikaa kitandani. Alimtazama Anena, Anena akamtazama yeye, na hakuna aliyemwuliza mwenzake kama alikuwa anajua.

"Nitamwandikia," alisema Akullo.

"Hapana, Mama Anena. Karatasi inasomeka. Unga hausomeki." Mugisho alitikisa kichwa. "Njiani vizuizi vimekuwa vingi. Askari wanatia fimbo ya chuma kwenye kila gunia mpaka chini. Mwenzangu mmoja walimkuta na mchele juu na kitu kingine chini. Hawakuuliza ni kitu gani, wala kimewekwa kwa nini. Mtu mwenye kitu juu na kingine chini, kwao ni mtu mwenye siri. Walimtia ndani ya buti la gari. Mkewe bado anauliza mpaka leo."

Akullo alikwisha kuinama uvunguni. Alilivuta debe, akalipangusa vumbi kwa upindo wa gauni.

"Peleka lote," alisema. "Wimbi jipya lifunguliwe na mwenye nyumba, hata kama nyumba yenyewe iko ng'ambo. Kwa huu hutapata shida. Ni unga juu, unga chini."

Mugisho alilinyanyua debe begani, akayumba. "Loo! Unga gani mzito hivi?"

"Bibi yake huyu hushindilia," Akullo alisema kwa fahari.

Anena alisimama karibu na mlango. Akisema, mama yake atajua, na baba yake hatapata debe alilowekewa. Asiposema, fimbo ya chuma itashuka kwenye unga laini, kisha itagonga udongo. Aliiona fimbo hiyo. Aliliona buti la gari. Mugisho alikwisha kushika kitasa.

"Mjomba, shusha!"

"Nini?"

"Shusha debe. Chini si unga. Ni udongo wa kichuguu. Ni mimi."

Mugisho alilishusha debe polepole sana, kama lina nyuki. Akullo alitandika mkeka, akaumwaga unga wote juu yake. Ulianza kutoka mzuri, laini. Kisha ukatoka mchanganyiko. Kisha ukatoka udongo mtupu, umeshikana na una umbo la debe.

Mugisho alikaa kwenye kigoda, akapangusa uso. "Mtoto," alisema, "ungenizika. Na ungenizika kwa udongo wako mwenyewe."

"Kwa nini?" aliuliza Akullo. Sauti yake ilikuwa chini. Anena angependa afokewe. "Una njaa? Uliuza?"

Anena alitoka mvuani, akarudi na sanduku la baba yake. Akachota udongo na unga kutoka ule mchanganyiko ulioharibika, akapanga matabaka mbele ya kioo na kuvuta ubao. Akawaonyesha nyufa ndogo, jinsi zinavyotafutana na kuungana, jinsi upande mmoja unavyoshuka na jinsi ukijazwa juu hapaonekani kitu.

"Mwalimu alisema ng'ambo inakwenda mbali na sisi, na haijaacha," alisema, na hapo kilio kikamshinda. "Nilitaka kujua Baba anapelekwa mbali kiasi gani. Nilikusikia barazani, Mjomba. Najua siku nyingi."

Akullo aliutazama ufa nyuma ya kioo. Alinyosha mkono, Anena akajikunja akingoja kipigo. Mama yake aligusa ubao ule wa kuvuta, mahali mikono ya Ongom ilipoulainisha.

"Ulijua," alisema. "Mimi nilijua. Tumelala humu pamoja, kila mmoja na ufa wake, tukijaza juu." Kisha akainuka, na sauti yake ya siku zote ikarudi. "Usidhani nimekusamehe kuku kula wimbi la bibi yako. Chukua kijiko. Toa ulio safi, punje kwa punje ikibidi. Palipo na shaka, usiguse. Na mjomba wako nusura afe kwa ajili yako. Nenda kwanza ukamwombe radhi vizuri."

Anena alipiga magoti mbele ya Mugisho. "Nisamehe, Mjomba. Nilikaribia kukuua."

"Hukuniua. Ulisema kabla sijafungua mlango," alisema Mugisho. "Wengine husema baada ya mazishi."

Anena alichagua unga alasiri nzima, mgongo ukimuuma. Nabintu alikuja kuchungulia, akafungua mdomo kufanya mzaha, akaufunga, akachukua kijiko cha pili. Uliopatikana haukujaza hata nusu ya debe. Akullo alitaka kuficha upungufu huo kwa kuuhamishia unga kwenye mfuko mdogo, ili uonekane umejaa. Aliushika mfuko huo mtupu mkononi, akafikiri, akautupa.

"Uende kwenye debe lake," alimwambia Mugisho. "Akiuliza mbona umepungua, mwambie ni nani aliyeupunguza, na kwa nini. Usimfiche hata kidogo."

Mugisho aliondoka. Siku zile za kungoja hazikuwa na mwisho. Anena aliteka maji, akaenda shule, akarudi. Kila basi likisimama chini ya kilima alisikiliza hatua. Lakini kitu kimoja kilibadilika chumbani mle. Jioni, wakichambua mboga ambazo mama yake alikosa kuuza soko la Nakasero, Anena alisema, "Leo nimemkumbuka Baba," na Akullo akajibu, "Hata mimi. Nilisikia mtu sokoni anacheka kama yeye, nikageuka nikamwaga nyanya." Walicheka kidogo, kisha wakaendelea kuchambua.

Mugisho alirudi maharage yalipokuwa yanakomaa. Hakuwa na karatasi. Alikaa kwenye kigoda, akakunja uso kama mtoto anayekariri.

"Kwanza. Askari walitia fimbo, ikafika chini, wakaniambia pita. Pili. Nilipomweleza yote, Ongom alitia mkono mpaka kitako cha debe, akakuta unga, akacheka mpaka fundi akaja kuuliza kuna nini. Alikula akilia, nisiseme uongo. Tatu, hili ni la Anena peke yake." Alimgeukia. "Anasema: mabwana niliowaendesha walinieleza. Nchi mbili zile zinaachana, lakini polepole kuliko ukucha wako unavyokua. Maisha yako yote hazitaachana hata kwa urefu wa chumba hicho. Mimi nina miguu. Kinachonizuia si bonde." Hapo aliishusha sauti. "Na hicho kinachomzuia, sitakirudia hata kwenye nyumba hii. Lakini nacho, anasema, si cha milele."

Anena aliutazama ukucha wa kidole gumba chake. Ulikuwa mrefu, na uchafu wa kuni chini yake. Polepole kuliko huu. Alihisi kitu kifuani kikilegea, ingawa hamu ya kumwona baba yake haikupungua. Ilitulia tu zaidi.

Jumapili, baada ya misa, Akullo hakuwa na debe la kunusa. Alichukua wembe, akamketisha binti yake kitandani, akaanza kumkata kucha.

"Mwanangu," alisema bila kuinua macho, "nje ya mlango huu kuna watu ambao hatuwaambii kitu, na wewe unawajua. Hilo si uongo, ni kuficha kifaranga mwewe akipita. Lakini humu ndani usinijazie udongo tena. Kosa la bakuli moja ungeniambia, ningekuchapa, yakaisha. Ulilifunika, likawa la debe, likakaribia kuwa la roho ya mtu. Nchi haina mdomo. Ikivutwa, hupasuka kimya. Wewe mdomo unao, tena mpana. Ukivutwa, sema."

"Ndiyo, Mama."

"Na ukimkumbuka baba yako, njoo uniambie. Usiende kuwaambia kuku."

Upande wa pili wa ukuta Nabintu alicheka kwa sauti. Anena akacheka naye, mkono wake ukiwa bado katika mkono wa mama yake. Kipande cha ukucha kilianguka sakafuni. Alikiokota, akakiweka kwenye sanduku la baba yake, upande wa magharibi, aliko Baba.